Hitima Tuliyoisomea Stesheni

Athmani,

Stesheni imefunguliwa, na aliyeifungua ni mimi. Nilisimama mbele ya lango, watu wamejaa mpaka barabarani, nikatamka neno moja tu, "Fungua!", na mlango ukafunguka. Ungaliona ungalilia.

Haya, usinikodolee macho. Najua hata huko mchangani hudanganyiki. Kweli yenyewe ni hii: stesheni imezungushiwa mabati pande zote, penye mabati pana kilango kidogo, na kwenye kilango pana askari. Nilimwambia, "Fungua, mwanangu, mzee nimebanwa." Akanifungulia nikaenda haja kwenye kile choo cha abiria wa daraja la pili. Na watu hawakujaa barabarani, alikuwako paka mmoja. Lakini kufunguliwa nilifunguliwa, na choo kina maji, Athmani! Maji! Choo ambacho tangu treni iondoke hakijatoa hata tone la kuoshea ukucha. Nikakaa mle navuta mnyororo kwa raha yangu, navuta, nangoja kijae, navuta tena, mpaka askari akagonga mlango akauliza kama ningali hai.

Sikuulizi hujambo, maana ukinijibu nitakimbia. Nimekaa barazani kwangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale, kikombe cha kahawa ubavuni, nakuandikia kwa hati yangu ya darasa la nne, ile uliyosema yafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga masizi. Wewe ulifika la tano ukajiona kadhi. Nikimaliza nitakuja nikusomee makaburini Kikowani, na kama kuna watu wanazika jirani yako nitapunguza sauti.

Na kama wenzako wa huko wanachungulia juu ya bega lako, wacha wasome, maana nakujua, utakuwa umeshawaambia ulikuwa bwana mkubwa wa reli. Enyi wenzake, alikuwa hamali, kama mimi. Kibati cha shaba mkononi, shati limepauka, na jina la Athmani Pweza, kwa sababu akishashika mzigo wa abiria hakuna wa kumbandua. Kina mama walikuwa wakishuka wakasema mizigo hawana, naye keshaining'iniza yote mwilini, mwenye mizigo amebaki na tasbihi tu.

Lakini wewe na mimi tunajua, yakhe, kazi yetu tamu haikuwa kubeba. Ilikuwa kushika siti. Jioni, kabla mabehewa ya daraja la tatu hayajasukumwa kuja kwenye pulatifomu, sisi tulikuwa tumeshayarukia kulekule yadini, kila mtu na kikoi chake. Watandika, wajilaza juu ya benchi, wajinyoosha kama maiti. Benchi zima ni lako mpaka mteja wako atokee na vikapu vyake. Na sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: kikoi kikishatandikwa, hata aje nani hakiondoi. Mahamali tulipigana kwa mizigo, tukatukanana mama, lakini kikoi cha mtu hakikuguswa.

Sasa wewe siku moja ulijinyoosha kama maiti, halafu ukalala kama maiti. Nilikuona dirishani, mdomo wazi, wakoroma. Mteja wako ameshakuja, amekata tamaa ya kukuamsha, amejipenyeza pembeni. Honi ikalia. Gadi akapeperusha bendera. Mimi nilikuwa chini nimeshika viatu vyako, ningeweza kukugonga kwavyo. Nikaona vyema nikupungie mkono.

Ulishtuka treni ishavuka Makupa, ishatoka kisiwani, mama mmoja amekukalia miguu na kuku wake amekukalia tumbo. Ukateremshwa Mariakani, peku, huna hata senti. Na pale Mariakani palikuwa na msichana akiuzia abiria mahamri kwenye ungo. Akakutazama miguu, akakutazama kile kibati chako, akauliza, "Wewe ndiye abiria ama ndiye mzigo?"

Ulinisimulia mwenyewe, mara zisizohesabika, na kila mara ukilifikia neno hilo ulikuwa ukicheka kabla hujalisema. Alikupa hamri la bure ukala. Wiki ya pili ukarudi Mariakani na viatu. Ya tatu ukarudi na mjomba wako. Ulinilaumu kwa kutokuamsha mpaka siku ulipooa, na tangu hapo ukanyamaza, na kunyamaza si kushukuru. Zuhura akashuka hapa Mombasa na sanduku lake la bati lililochorwa maua, sanduku nikalibeba mimi, na harusini ukaniambia, mdomo umejaa biriani: "Faraji, siku utakayopanda treni, siti nitakushikia mimi. Ya dirishani."

Nikacheka. Mimi nilikuwa sijapanda treni maishani mwangu, na mpaka leo. Bara nina nani? Nimepakia nusu ya Mombasa kwenye yale mabehewa. Nimewapakia maharusi, nimewapakia wanafunzi na matandiko yao, nimewapakia Wazungu wekundu kama kamba wa kuchemsha wakienda kula kwa sahani za kaure kwenye behewa la chakula. Wote nimewapungia mkono nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nasema nitapanda mwezi ujao. Treni ipo kila jioni, haraka ya nini?

Marehemu baba akipenda kusema kwamba reli haikutoka Nairobi kuja Mombasa. Ilianzia hapa kwetu, mikononi mwa Wahindi walioletwa kuijenga, na Nairobi ikaota baadaye huko mbele kama uyoga. Akisema hivyo alikuwa akinyoosha mgongo, kana kwamba ameilaza yeye. Nasi tukakua tukijua kwamba stesheni ya kisiwani ni kama bahari, haina siku itakayokosekana. Halafu ikajengwa ile reli kubwa mpya, na stesheni yake ikawekwa ng'ambo, Miritini, na treni yetu ya jioni ikazidi kukonda, ikichelewa leo, ikikosa kesho, mpaka ikaondoka mara moja isirudi. Mtu wa kisiwani akawa hata kwenda kupanda treni apande gari kwanza. Majani yakaota katikati ya reli. Popo wakahamia darini, paka wakahamia kwenye dirisha la tikiti, na yule mwenye manyoya ya manjano akikaa pale ungedhani akuuliza waenda wapi.

Mahamali wengine wakaenda kusukuma mikokoteni sokoni. Zuhura akabaki palepale langoni alipokuwa akiuzia abiria tangu umuoe, na karai lake, akiwakaangia mahamri na viazi wapita njia. Na wewe ukabaki. Kila jioni, kibati mkononi, wakaa kwenye benchi la pulatifomu tupu wautazama upande wa Makupa. Saa ya treni ikifika wainuka, wakung'uta kikoi, watuambia sisi tuliokuja kukucheka: "Haijafa. Imechelewa tu."

Tulikucheka miaka, Athmani. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikawafundisha na wengine. Watoto wa mtaani kwenu Bondeni walikuwa wakikuona njiani wanauliza, "Babu, imefika?" Nawe wajibu bila kukasirika, kama mtu aliyeulizwa saa.

Alasiri ile ya mwisho nilipokuja kukutazama ulikuwa huinuki tena, umeelekezwa ukutani, Zuhura akupepea. Nikajitia mzaha, ningefanya nini? Nikakuuliza, "Pweza, treni vipi?" Ukafungua jicho moja. "Imechelewa."

Hilo ndilo neno la mwisho uliloniachia. Wenzangu huachiwa wasia. Nilicheka, nikatoka nje nikicheka, nikafika kwenye ngazi na… basi. Asubuhi yake nilikuwa chini ya jeneza lako, bega la kulia, na ulikuwa mzito kuliko sanduku lolote nililowahi kubeba. Tuyaache hayo.

Nikwambie yaliyotokea baadaye.

Mwaka ulipokuwa wakaribia kutimia, stesheni ikazungushiwa mabati. Hakuna aliyetwambia kwa nini. Siku chache baadaye malori yakaanza kutoka mle yamejaa mataruma, yale ya zamani yaliyolaliwa na reli, yameliwa na kutu mpaka yanapukutika. Nilikwenda Makupa mwenyewe nikasimama kando ya barabara nikayaona yanapita, lori nyuma ya lori, yaelekea ng'ambo. Sasa wewe wanijua. Mtu aliyekula chumvi ya stesheni maisha yake yote ashindwe kutoa hukumu? Nikarudi Kibokoni nikaketi barazani, nikavuta kahawa, nikawatangazia: "Jamaa, kwisha. Reli yang'olewa, yauzwa vyuma chakavu. Mwezi ujao pale patajengwa maduka." Wakaniuliza nimejuaje. Nikawaambia, "Nyinyi mwaniuliza mimi habari za reli?" Wakaniongezea kahawa kwa adabu. Raha iliyoje, kuaminiwa.

Raha hiyo ilidumu mpaka maneno yangu yakafika langoni kwa Zuhura.

Nilimkuta amelizima jiko mchana kweupe. Akaniambia, "Shemeji, umesema yavunjwa?" Nikajikohoza. Akasema, "Basi mimi hapa nangoja nini?" Mwanao Hamisi alikuwa amemwita Nairobi tangu ulipozikwa, akae naye, alee wajukuu, apumzike. Yeye alikuwa akikataa kwa sababu moja tu, na hakuifanya siri: alisema Athmani alikuwa akingoja pale, sasa hangoji tena, lazima awepo wa kungoja badala yake. Kama hakuna cha kungojwa, hakuna cha kukaa.

Athmani, hapo ndipo nilipojua nimejikata mwenyewe. Zuhura akienda, mimi Mombasa nitabaki na nani? Wenzetu karibu wote wamekutangulia ama wamekufuata. Asubuhi naamka, nashika njia kutoka Mji wa Kale, nafika langoni, nakula hamri, natukanwa kidogo, narudi. Hiyo ndiyo siku yangu. Hakuna nyingine. Na ikiwa yeye ataondoka, nani atakayekukumbuka jinsi ulivyokuwa, kwa ukoromaji wako na ubahili wako, si kwa yale maneno mazuri ya msibani?

Nikafikiria kumposa. Usiruke, utaangusha udongo! Nilifikiria tu. Nikavaa kanzu safi nikaenda, nikaanza, "Zuhura, mtu mzima kukaa peke yake…" Akainua upawa, akanitazama vile unavyojua. Nikasema, "…si vibaya hata kidogo," nikaomba viazi.

Akapanga mambo yake. Hitima yako ya mwaka isomwe, kisha kesho yake apande basi. Lakini hakutaka isomwe nyumbani wala msikitini. Aliitaka langoni mwa stesheni. Alisema, "Mwaka wake na mwisho wa stesheni vimekuja pamoja. Wote wawili wasomewe." Maalim Yahya alipoambiwa akaja kwangu mbiombio, kilemba upande. "Faraji, hitima husomewa watu. Haisomewi kuta."

Nikamwambia, "Maalim, wewe msomee Athmani. Kuta zitasikiliza bure."

Akafikiri, akauliza kama pana pilau. Nikamwambia ya mbuzi. Akakubali.

Basi Jumapili ikafika. Asubuhi yake nilikuwa nimeshalichukua lile sanduku la maua na kulipeleka ofisi ya mabasi Mwembe Tayari lilale huko lisafirishwe. Nililibeba kwa bega hili hili lililokubeba wewe. Nilikwenda polepole, kila kona napumzika, nikitumai basi litatuacha, na basi lenyewe ni la kesho yake! Ndivyo akili zilivyokuwa zimenipotea.

Tukatandika mikeka chini ya ukuta wa stesheni, penye kivuli. Udi ukafukizwa. Walikuja watu wengi kuliko nilivyodhani. Walikuja mahamali wa zamani waliobaki, wauza duka wa jirani, mabaharia wazee, na wale watoto wa Bondeni waliokuwa wakikuuliza kama imefika, nao sasa wana ndevu. Maalim akasoma vizuri, wallahi. Alipofika kukutaja jina sauti ikamtetemeka, nami nikajifanya moshi wa udi umeniingia machoni. Zuhura upande wa wanawake hakulia. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Pilau ikapakuliwa. Askari wa kilango naye akapewa sinia lake. Maalim akainua mikono kwa dua ya mwisho, nasi tukainua yetu, mafuta yanachuruzika viwikoni, na palepale, Athmani, nyuma ya mabati, ikalia honi.

Si honi ya lori. Nimeisikia maisha yangu yote, na ilipolia mwili wangu uliinuka kabla yangu mimi, mkono ukatafuta kibati. Mahamali wote wazee wakawa wamesimama, kila mmoja ameshika kikoi chake kiunoni. Maalim mikono ingali juu, mdomo wazi. Tukaparamia kilango. Askari alitaka kutuzuia lakini sinia alikuwa amelishika kwa mikono miwili, na pilau haimwagwi.

Kilikuja kichwa cha treni kutoka upande wa Makupa, kimepakwa rangi upya, kinavuta mabehewa ya kokoto. Kinakuja taratibu, kinanusa reli, kinasimama, kinasogea tena. Na reli, yakhe! Imenyooka, yang'ara, chini yake mataruma mapya yamejipanga. Majani hakuna. Benchi lako limepigwa rangi. Nikayatazama yale mataruma mapya, nikakumbuka malori ya Makupa na hukumu yangu ya barazani, nikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni.

Maalim akanishika kanzu. "Faraji. Si wewe uliyesema imekufa?"

Nikasema, "Maalim, hata daktari hukosea."

"Nimeisomea yasini, Faraji!"

Akaja msichana mmoja, kofia ngumu ya manjano kichwani, mabuti yametapakaa tope. Jina lake Kadzo, mtoto wa Kaloleni, na ndiye mhandisi aliyekuwa akiisimamia kazi ile. Akatazama wazee wamejipanga na vikoi, akasikia harufu ya udi, akavua kofia kwa heshima. "Poleni, wazee. Nani amefariki?"

Ikawa lazima mtu aseme. Nikasema, "Stesheni."

"Imefariki lini? Mbona mimi naitengeneza?"

Nikamwuliza, "Na yale mataruma mliyoyatoa?"

"Yameoza, babu. Wewe ukitolewa jino bovu unazikwa?" Kisha akanitazama mdomoni, akaona hakuna hata moja, akaomba radhi. Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na wali akapigwa mgongo. Mimi nilicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Akatueleza. Treni ndogo itatoka hapa kisiwani, ivuke Makupa ifike Miritini, iwapeleke watu kwenye ile treni kubwa na kuwarudisha. Siku hiyo walikuwa wakiijaribu njia kwa mzigo wa kokoto. Tukamwuliza abiria wataanza lini. Akasema karibuni. Karibuni hiyo naijua, Athmani, nimezeeka ndani yake, na nakwambia usije ukasema huko nimekuahidi siku. Naye hakuahidi. Alisema bado yapo ya kupimwa na ya kuruhusiwa, na kwamba yeye amri yake ni ya reli, si ya tarehe. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Zuhura alikuwa amesimama ukingoni mwa pulatifomu, upawa ungali mkononi, wachuruzika mchuzi juu ya rangi mpya. Alikuwa akikitazama kile kichwa cha treni. Kadzo akamsogelea. Zuhura hakuuliza tarehe wala nauli. Aliuliza, "Abiria watapitia lango lipi?"

"Hilihili, mama."

"Na sisi wa langoni?"

"Mtajengewa kibanda ndani ya ukuta, jua lisiwapige. Mimi mwenyewe nimekichora."

Zuhura akakigeukia tena kichwa cha treni. Kisha akasema, si kwa Kadzo, si kwangu, "Kumbe kweli ilichelewa tu."

Ndipo akalia. Mwaka mzima nilikuwa nimemngojea alie, na alipolia alikuwa akicheka, akijifuta kwa leso, akijipaka mchuzi usoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Maalim akasema sasa dua aifunge vipi, maana kitabu hakina dua ya maiti aliyerudi na kokoto. Mwishowe aliifunga kwa kukuombea wewe, na akaongeza shukrani ndefu, na akala sinia la pili. Kadzo naye alikaa mkekani na mabuti yake akala, akaomba ukoko.

Jioni nikarudi Mwembe Tayari. Yule kijana wa ofisi ya mabasi akauliza, "Mama hasafiri tena?" Nikamwambia atasafiri, lakini kwa treni. Akacheka. Nikalitia sanduku begani, Athmani, na nakuapia halikuwa na uzito. Nililibeba mpaka nyumbani kwenu Bondeni moja kwa moja, sikupumzika kona hata moja, na njiani nilikuwa nikipiga kelele "Kando! Kando! Mzigo!" kama zamani, na watu hawakuwa hata karibu.

Nilipofika, simu ya Zuhura ikalia. Hamisi, kutoka Nairobi. Alikuwa amemweka kwenye spika kwa hivyo nilisikia yote. "Mama, kesho wapanda basi la saa ngapi?"

"Sipandi. Nangoja treni."

"Treni gani, mama?"

"Ya babako."

Mwanao alikuwa akikuonea haya kwa lile benchi lako, wajua. Nikadhani atakasirika. Kumbe alikuwa akijizuia, halafu akaangua kicheko, kicheko chako hasa, kile kinachoanza kabla ya neno. "Sawa, mama," akasema. "Ikifika niambie nije niipande." Zuhura akafungua sanduku akaanza kutoa madera moja moja. Nami nikaketi kizingitini kwenu, nikavua viatu, nikapumua. Sijui mara ya mwisho kupumua hivyo ilikuwa lini. Nadhani ulikuwa hai.

Basi hayo ndiyo mambo. Asubuhi ya leo jiko limewashwa, mahamri yamefura, nimetukanwa kwa kuwalisha watu uongo, nimekula. Barazani hawaniamini tena habari za reli. Nikisema jua limetoka wanachungulia kwanza.

Sasa nikuage, maana kahawa imepoa na mkono umechoka. Ulale, Pweza. Huna haja ya kukaa macho kuangalia upande wa Makupa, zamu hiyo tumeipokea. Nakuahidi hivi: siku abiria watakapoanza, iwe karibuni ya Kadzo ama karibuni ya watu wengine, nitapanda. Mimi Faraji, nitapanda treni. Zuhura atakuwa upande huu na kapu lake, na kile kikoi chako cha mistari ya buluu, ambacho hakukitoa sadaka pamoja na nguo zako nyingine, nitakitandika kwenye siti ya mbele yangu mpaka Miritini. Asithubutu mtu kukigusa. Sheria ni ileile.

Lakini ile ahadi yako ya harusini sijakusamehe. Nilikuachia ulale ukapata mke, nawe ulinipa maneno na biriani. Siti ya Miritini nitajishikia mwenyewe, ningali naweza kujinyoosha. Wewe nishikie ya huko. Tandika, jilaze, na safari hii usikorome. Iwe ya dirishani, nataka kuona. Mimi sina haraka, mahamri yangali ya moto hapa, na Zuhura hajamaliza kunitukana. Kwa hivyo wakija watu na vikapu vyao wakikuuliza mbona benchi zima na mwenyewe haonekani, usiwaachie. Waambie amechelewa tu.

Mwenzio,
Faraji